Fungu la Mpagazi

Mazungumzo ya Jumapili ya Ukumbusho
Somo: 1 Samweli 30:1–25

 

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, makanisa mengi huwakumbuka waliokufa vitani. Watu husimama, hunyamaza kimya kwa muda mfupi, kisha ibada huendelea. Leo tungependa kuuliza swali moja tu kuhusu ukimya huo. Tunaponyamaza tunamkumbuka nani? Je, tunawajua watu hao, au tunanyamaza kwa sababu hatuna jina la kutaja?

Ndugu msikilizaji, ukipita katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi utaona sanamu tatu za shaba zimesimama pamoja. Ziliwekwa pale mwaka 1928 ili kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wengi hupita hapo kila siku wakikimbilia basi, wala hawainui macho. Basi siku moja simama uangalie. Utaona kwamba mmoja wa watatu hao ni mpagazi, mtu wa kubeba mizigo. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanasema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Tena yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini ukitafuta majina hayo katika jiwe lile, hutaona hata moja.

Kutoka pale si mbali kufika Kariokor. Wengi wetu tumekwenda huko kununua vikapu, au kula nyama na ugali. Jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi ambacho kambi yake ilikuwa mahali hapo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, na asili ya jina ni ile ile. Hivyo kikosi kimeachia masoko mawili makubwa jina lake, na watu wa kikosi hicho hawana majina.

Sasa tufungue Biblia zetu tuone Neno la Mungu linasema nini kuhusu mbeba mizigo.

Katika siku zile Daudi alikuwa bado mkimbizi, akikaa Siklagi pamoja na watu wake 600. Waliporudi kutoka safarini walikuta mji umeteketezwa kwa moto na Waamaleki, na wake zao na watoto wao wamechukuliwa. Wakalia hata wakaishiwa na nguvu za kulia. Ndipo Daudi akamwuliza Bwana, na Bwana akamruhusu kuwafuatia adui. Walipofika kwenye kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka. Wakabaki hapo na vyombo, na wengine 400 wakaendelea mbele.

Njiani wakamkuta kijana wa Misri amelala uwandani. Alikuwa mtumishi wa Mwamaleki mmoja, na bwana wake alimwacha kwa sababu aliugua. Siku tatu alikuwa hajala chakula wala kunywa maji. Wakampa mkate, maji, tini na zabibu, na roho yake ikamrudia. Kijana huyo ndiye aliyewaonyesha njia.

Walipokwisha kushinda na kurudi na nyara, watu wengine wabaya wakasema kwamba wale 200 wasipewe kitu ila wake zao na watoto wao, kwa kuwa hawakwenda vitani. Daudi akakataa. Akawaita ndugu zake, akawaambia kwamba ushindi huu ni Bwana aliyewapa, na kwamba aliyekwenda vitani na aliyebaki akilinda vyombo watagawiwa sawasawa. Neno hilo likawa amri katika Israeli tangu siku ile.

Wapenzi, shikeni mambo mawili katika habari hii: mtumishi mgonjwa aliyeachwa njiani, na fungu la mwenye vyombo. Maana mambo haya mawili yalitokea pia katika nchi yetu.

Vita vilipoanza Ulaya mwezi wa Agosti mwaka 1914, havikukawia kufika huku, kwa sababu upande mmoja wa mpaka ulikuwa wa Waingereza na upande wa pili wa Wajerumani. Watu wa Taita na Taveta waliona mapigano mlangoni pao. Kisha vita vikashuka kusini, vikapita Kilimanjaro, vikafika mto Rufiji, vikaingia Msumbiji. Reli ilipokwisha, barabara hazikuwapo. Farasi na ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Magari yalizama katika matope ya masika. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na mabega yake.

Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 50 au zaidi. Alibeba unga, risasi, vipande vya bunduki kubwa, na majeruhi juu ya machela. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo walivyohitajiwa wapagazi wengi zaidi, kwa sababu mpagazi naye hula. Abebaye unga kwa safari ya siku nyingi ataumaliza njiani kabla hajamfikishia askari. Kwa hiyo nyuma ya askari mmoja palihitajika mstari mrefu wa watu. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi karibu 1,000,000 katika vita hivyo. Wajerumani nao walikuwa na wao.

Wengi hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote. Machifu waliambiwa watoe watu, nao wakatoa. Ujira ulikuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Vijana walichukuliwa shambani, wakaaga mama zao, wakashuka katika nchi ya joto na homa wasiyoizoea.

Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na kichomi, na malaria, na njaa. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka jioni juu ya kuni mbichi, wakaula nusu mbichi, na matumbo yao yakaharibika. Aliyeshindwa kutembea alikaa kando ya njia, na msafara ukapita. Ndugu, yule kijana wa Misri alikaa siku tatu bila chakula, akapata watu wa kumwinua. Wapagazi wangapi walikaa kando ya njia wasipate mtu?

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 45,000 kutoka nchi hii ya Kenya walikufa katika kazi hiyo. Kuna ofisa mmoja wa serikali kule London aliyeandika baadaye kwamba jambo hilo lilikosa kuwa aibu kubwa kwa sababu tu waliotaabika zaidi walikuwa wapagazi, na nani awajali wapagazi? Hayo ndiyo maneno ya wale watu wabaya wa kijito cha Besori.

Tarehe 11 Novemba 1918 kengele za makanisa zililia Ulaya, kwa kuwa vita vimekwisha. Huku kwetu mizigo ilikuwa bado vichwani. Habari ilichelewa kufika porini, na jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala katika nchi ya Zambia. Yaani kwa wiki mbili baada ya siku hii tunayoiadhimisha, mpagazi wa Afrika alikuwa bado hajatua mzigo wake. Na waliorudi nyumbani walikuta homa kuu ya mafua ya mwaka huo, na njaa, na makaburi mapya.

Je, fungu liligawiwaje? Mwaka 1919 ulifanywa mpango wa kuwapa mashamba askari waliotoka vitani. Mashamba yalikuwa ya nchi hii, lakini askari waliopewa walikuwa Wazungu. Mwafrika alipewa kipande cha kuvaa shingoni. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe. Na yalipokuja mambo ya makaburi, wakubwa wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika wa kawaida hana haja ya jiwe wala jina. Makaburi mengi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Serikali ilipomtaka mtu kwa kazi, ilimwandika na kumpa namba. Ilipofika zamu ya kuandika kaburi lake, haikuhangaika kumtafuta katika daftari.

Jambo hili halikukubaliwa wazi mpaka mwaka 2021, wakati Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa taarifa ya uchunguzi na kuomba radhi. Taarifa hiyo ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu ikafika 350,000. Kazi ya kutafuta majina katika madaftari ya zamani imeanza. Tunaishukuru. Lakini imechukua miaka zaidi ya 100, na hakuna hata mjane mmoja aliyebaki wa kuisikia radhi hiyo.

Sasa tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau wenyewe. Kanisa lilikuwa wapi? Kanisa lilikuwapo. Mwaka 1917 wamisionari wa Kiprotestanti walikusanya kikosi cha wapagazi kutoka shule na misheni zao, watu zaidi ya 1,000, wakaenda chini ya Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu. Vijana hao walikwenda pamoja na walimu wao, wakasali pamoja jioni, na hali yao ilikuwa nafuu kuliko ya wapagazi wengine. Mtu anayejulikana kwa jina si rahisi kuachwa njiani. Hilo ni jambo jema, nasi tunalikumbuka kwa shukrani. Lakini wale maelfu wengine, ambao hawakusoma na hawakubatizwa, Kanisa halikuyauliza majina yao. Tulijua kuwatunza walio wetu. Hatukuona kwamba wote ni wake Bwana.

Miaka 20 na zaidi ikapita, vikaja Vita Kuu vya Pili. Safari hii Wakenya karibu 98,000 walitumika. Walipigana Habeshi mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha wakavuka bahari mpaka Burma. Huko walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope yakifika magotini, wakavuka mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944. Wengine hawakufika hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kutibu majeruhi.

Waliorudi waliona tena jinsi fungu linavyogawiwa. Malipo ya kuagwa jeshini yalipimwa kwa rangi ya ngozi, wala si kwa cheo na taabu tu. Wengine walirudi na mawazo mapya, kwa kuwa walimwona Mzungu akiogopa na akifa kama mtu mwingine. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma kabla ya kuingia msituni. Na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, nishani ya mfalme wa Uingereza ikawa kitu cha hatari nyumbani. Wazee wengine walizitupa au kuzificha, wasije wakaitwa wasaliti na jirani zao. Fikirini jambo hilo. Mtu aliteswa na vita vya wengine, akanyimwa fungu lake na waliomtuma, kisha akaogopa kuwaambia watoto wake alikokwenda.

Mwaka 2023 Mfalme Charles alipozuru nchi yetu, alifika katika makaburi ya vita ya Kariokor, na wazee wachache wa vita vile wakapewa nishani mpya mahali pa zile zilizopotea. Walikuwa wazee sana, wengine katika viti vya magurudumu. Wenzao walikuwa wamekwisha kulala.

Pengine mtu atauliza: je, Mkristo akiwaheshimu watu wa vita, haheshimu vita? Hapana. Vita ni tunda la dhambi, nasi tunaomba siku ile ambayo mataifa hayatajifunza vita tena. Lakini Daudi hakuuliza kama wale 200 walikuwa mashujaa. Aliona kwamba walichoka, na kwamba walichoka pamoja naye. Kumheshimu aliyechoka si kuisifu njia iliyomchosha.

Na kuna neno kubwa zaidi, ambalo tungependa mlichukue nyumbani. Siku ile Bwana wetu alipotolewa ili asulibiwe, askari walimkamata mtu mmoja aliyekuwa akipita, akitoka shamba, wakamlazimisha kuubeba msalaba. Hakujitolea. Hakuulizwa. Alikuwa mtu wa Kirene, nchi ya Afrika ya Kaskazini. Yaani alikuwa Mwafrika aliyeshikwa njiani na askari wa dola kubwa, akabebeshwa mzigo usio wake. Wapagazi wetu wangemwelewa mara moja.

Lakini tazameni tofauti. Majina ya askari waliomlazimisha hayakuandikwa katika Injili. Jina lake yeye limeandikwa: Simoni. Tena Marko, katika mlango wa 15, anayataja na majina ya wanawe, Iskanda na Rufo. Kanisa la kwanza lilikuwa dogo na maskini, halikuwa na shaba wala mawe ya kuchonga. Lakini lilijua jina la mpagazi, likawajua na watoto wake. Ahadi iliyoandikwa pale Nairobi, kwamba wana watayakumbuka majina, Kanisa lilikuwa limekwisha kuitimiza miaka mingi kabla.

Basi, ndugu wapendwa, tufanye nini? Tunaomba mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, tuandike majina. Katika kila usharika wamo wazee na akina mama wakongwe wanaokumbuka kwamba babu fulani alichukuliwa Kariokor asirudi, au baba fulani alikwenda Burma. Vijana wa kanisa na wachukue daftari, waende kuwauliza, waandike jina, kijiji, na jina la mama yake. Wasiulize dini yake wala dhehebu lake. Wazee hawa wakiondoka, daftari hilo halitaandikwa tena.

La pili, tuyasome majina hayo kanisani Jumapili ya Ukumbusho. Tunyamaze, ndiyo, lakini kwanza tusome. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina, nasi tulio watumishi wake tusiwaite kwa jumla tu.

La tatu, tuwaangalie walio hai. Nchi yetu imewatuma vijana wake vitani katika siku zetu pia. Tangu mwaka 2011 wanajeshi wetu wametumika Somalia, na katika mapigano ya El Adde mwaka 2016 na Kulbiyow mwaka 2017 wengi hawakurudi. Wajane wao wanakaa nasi katika viti vya kanisa. Wapo pia waliorudi wazima kwa mwili, lakini usiku hawalali. Tena wamo madereva, wapishi, mafundi na wauguzi, ambao watu hudhani hawakuona vita. Usimwulize mtu kama alishika bunduki ndipo umheshimu. Mwulize kama amechoka, kisha ukae naye.

Labda wewe unayetusikiliza ni mmoja wao. Au umebeba mizigo maisha yako yote, hukutajwa katika hotuba yo yote, na hakuna aliyekwambia asante. Sikia neno hili. Bwana tunayemhubiri hakukaa kitini akawatuma wengine wabebe. Aliubeba msalaba mwenyewe mpaka alipoanguka. Anaujua uzito, anaijua njia, na jina lako analo. Kwake yeye fungu la mwenye vyombo halijapungua.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, unawajua maelfu waliolala kati ya Taveta na Rufiji, na katika misitu ya Burma, na chini ya bahari. Sisi tumewasahau, lakini wewe hukuwasahau. Tusamehe. Wafariji waliofiwa, waponye walioumia rohoni, uwape watawala wetu hekima ya kuitafuta amani. Utufundishe kumwinua aliyeachwa njiani na kugawa sawasawa ulichotupa wewe. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo, aliyeichukua mizigo yetu. Amina.